Lita Tatu za Marehemu Ndahiro

Mara ya saba Illuminée alipofika kwenye ofisi ile ya bima mjini Gisenyi, mlinzi wa mlangoni hakumwuliza tena anamtafuta nani. Alimsogezea kiti cha plastiki karibu na dirisha, akamwambia, "Mama, ikala kwanza. Leo tena mtandao haiko." Illuminée akakaa. Angefanya nini? Alikuwa ametoka nyumbani Mudende alfajiri, pikipiki mpaka barabara kuu, basi mpaka mjini, halafu kwa miguu kupanda ngazi za jengo lenye duka la magodoro chini, na goti lake la kulia lilikuwa limeshaanza kulalamika. Mtu wa miaka sitini na nne, bahasha ya kaki mapajani, anangoja mtandao. Huyu mtandao ni bwana mkubwa wa wapi, asiyeingia kazini siku ambayo watu wana shida naye?

Ndani ya bahasha kulikuwa na kila kitu kilichobaki cha ng'ombe wake, Gaju. Kulikuwa na hereni ya njano ya sikioni yenye namba, karatasi ya daktari wa mifugo iliyosema kwamba ng'ombe alipigwa na radi akafa palepale, picha nne za mzoga kwenye nyasi zilizolowa, na barua ya ofisi ya kijiji. Kulikuwa pia na cheti cha kifo cha mume wake, kwa sababu bima iliandikwa kwa jina la Ndahiro, na Ndahiro alifariki mwaka mmoja na nusu kabla ya Gaju. Juu ya vyote ilikaa barua ya kampuni. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwamsha alfajiri zote hizi.

Kwa maneno ya heshima kabisa, kampuni ilimpa pole, ikamwambia italipa faranga laki tatu na elfu arobaini.

Laki tatu na arobaini! Ng'ombe aliyekatiwa bima ya laki tisa, ada ikalipwa mwaka baada ya mwaka kwa kipimo cha laki tisa, bila kuchelewa hata siku moja! Kwa laki tatu na arobaini unapata ndama mkondefu, na umwombe Mungu asije akaharisha njiani. Sababu ilikuwa imeandikwa chini, kwa herufi za kutafutia miwani: siku ya kujiunga, mteja mwenyewe alitamka kwamba ng'ombe wake anatoa lita tatu za maziwa kwa siku. Ng'ombe wa lita tatu, kwa bei ya soko, ni ng'ombe wa kienyeji. Basi, wamemaliza.

Na kibaya zaidi, Ndahiro alisema kweli maneno hayo. Illuminée alikuwepo, na masikio yake yalikuwa mazima.

Ilikuwa siku ya mvua. Wakala wa kampuni alikuja na daktari wa mifugo wa kampuni hiyohiyo, wamevaa makoti ya plastiki, wakala ameshika kompyuta ndogo ya kubonyeza kwa kidole. Ndahiro aliwakaribisha barazani. Sasa, mtu huyu Ndahiro alizaliwa kwenye milima ya Masisi, huko Kongo, akalelewa katikati ya ng'ombe. Kwa watu wa aina yake, maziwa ya ng'ombe wako huyatangazi. Ukitaja ni kiasi gani, unajisifu, na ukijisifu umekaribisha kijicho mpaka ndani ya zizi. Mgeni mwenye adabu haulizi. Akiuliza, unamjibu kitu kidogo, naye anaelewa, anatabasamu, mnaendelea na mengine. Ndivyo walivyoishi, baba na babu, na hakuna aliyewahi kupotea kwa sababu hiyo.

"Analeta lita ngapi kwa siku, mzee?" aliuliza wakala.

"Tatu," alisema Ndahiro. Halafu, kwa kuona hata hiyo ni majivuno, akaongeza, "Akiamka vizuri."

Wakala akabonyeza tatu.

Gaju alikuwa anatoa lita kumi na nne. Tisa asubuhi, tano jioni, chotara wa ng'ombe wa kizungu aina ya Jersey, mwenye kiwele cha kumfanya atembee amepanua miguu. Na Illuminée alikuwa amesimama hapohapo na kikombe mkononi, akimkaribisha wakala maziwa ya ng'ombe huyohuyo. Kikombe cha nusu lita, na wakala alikunywa viwili. Jamani, mtu mzima anakunywa lita nzima ya maziwa ya ng'ombe wa lita tatu, hajiulizi wenye nyumba watabaki na nini? Hakujiuliza. Alifuta mdomo, akashukuru. Upande wa pili, daktari alimzunguka Gaju, akamshika kiwele, akamtazama meno, akaandika laki tisa na kutia saini. Karatasi mbili za kampuni moja, zimeandikwa asubuhi moja, na hakuna aliyezilinganisha mpaka siku ya kulipa.

Illuminée alitaka kucheka. Lakini amrekebishe mumewe habari za ng'ombe, tena mbele ya mgeni? Ayiwe! Hilo lisingewezekana. Alinyamaza, akaenda jikoni kuongeza maziwa.

Ndahiro alikufa kwa presha, msimu wa kuvuna viazi, ameshika jembe. Illuminée alibaki na Gaju. Watu wa mjini hawaelewi maana ya kubaki na ng'ombe. Unaamka kwa sababu ameamka. Unatoka nje kwa sababu anataka majani. Jirani anapita kuchukua maziwa ya mtoto, anakaa kidogo, mnazungumza. Zaidi ya mwaka mjane yule alisimamishwa wima na ng'ombe, na mwenyewe alijua. Halafu Septemba, mvua za kwanza, saa tisa mchana, radi moja tu.

Mtoto wake mmoja aliye hai, Karekezi, anaishi Kigali. Ni fundi wa lifti, mtu wa kazi, mwenye mke mpole na watoto wawili. Baada ya radi alipiga simu kila siku.

"Mama, bila ng'ombe unabaki kule kufanya nini? Kuchunga mawe?"

Hakusema kwa ubaya. Illuminée alikuwa amewahi kukaa kwao miezi mitatu, baada ya mazishi ya Ndahiro, jirani akimkamua Gaju. Chumba kilikuwa kizuri, kitanda kilikuwa kizuri, chakula kililetwa mezani. Akitaka kuosha kikombe chake, mfanyakazi anakuja mbio kumnyang'anya: hapana, mama, pumzika. Wajukuu walimsalimia vizuri wakirudi shule, halafu wakafunga mlango wao. Alipumzika mpaka akaogopa. Ikawa usiku anakaa kitandani anasugua mikono yake, kwa kuwa haikuwa na kitu kingine cha kufanya.

Kwa hiyo wakapatana, mama na mwana. Bima ikilipa ng'ombe kama Gaju, mama atabaki Mudende. Isipolipa, kiangazi kikianza mwezi wa sita, Karekezi atakuja na gari, nyumba ifungwe, shamba wakodishiwe wapanda viazi. Illuminée alikubali, maana siku ile aliamini jambo ni jepesi. Ng'ombe amekufa, bima ipo, ada imelipwa. Kuna nini tena cha kuzungumza?

Kumbe kulikuwa na mengi. Safari ya kwanza waliona barua ya kijiji haina muhuri. Ya pili muhuri ulikuwepo, ila ulifunika namba ya hereni. Ya tatu ofisi ilifungwa, wafanyakazi wako kwenye semina ya kuhudumia wateja vizuri, ndivyo karatasi ya mlangoni ilivyosema, na asicheke mtu. Ya nne alipewa barua ya laki tatu na arobaini, akaambiwa atie saini kwamba ameridhika. Alikataa. Ya tano alileta malalamiko kwa maandishi, Karekezi ameyaandika kwa kompyuta, kurasa mbili, nakala moja imekwenda kwenye ofisi inayosimamia kampuni za bima. Ya sita walimwambia barua yake imepokelewa. Hilo alikuwa analijua, si ndiye aliyeileta?

Alichoka. Tuseme wazi, alichoka vibaya. Kuna uchovu wa kulima, ambao ukilala unaisha. Huu wa kueleza jambo lilelile kwa watu wanaotikisa kichwa haukuisha kwa kulala. Alikuwa akifika nyumbani anakaa barazani na viatu miguuni, hana hata nguvu ya kuwasha moto.

Siku hiyo ya saba, mtandao uliporudi, aliitwa na mtu mpya. Dada wa miaka thelathini na kitu, jina lake Mbabazi, ameletwa kutoka makao makuu kushughulikia madai. Alizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wake wakiwa wakimbizi, na Kinyarwanda chake kilikuwa kinajikwaa kila hatua, kwa hiyo alisema Kiswahili.

"Shikamoo, mama," alisema, amesimama.

Illuminée, ambaye Kiswahili chake ni cha Goma, ng'ambo ya mpaka, hakuwa na hakika jibu lake ni lipi. "Aksanti, mutoto," alisema. "Na wewe pia."

Mbabazi alicheka kidogo, akamvutia kiti. Alikuwa amesoma faili lote, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake.

"Mama, nieleze mwenyewe. Daktari wetu anasema laki tisa. Fomu yetu inasema lita tatu. Mmoja kati yao amekosea."

"Hakuna mwenye alikosea," alisema Illuminée. "Bwana yangu alijibu vile mutu muzuri anajibu. Munaulizaka mutu wa ng'ombe maziwa iko ngapi? Ile ni kuuliza mutu iko na franga ngapi mufukoni. Atakuambia kidogo. Ata we utasema kidogo."

Mbabazi aliweka kalamu chini. Halafu alisema atakuja Mudende mwenyewe, Alhamisi, na fomu ya mashahidi. Illuminée atafute majirani wawili waliomfahamu Gaju. Waseme tu walichokiona. Barua ya Karekezi ilikuwa imefika huko juu, wakubwa wameanza kuuliza maswali, na mashahidi wazuri wangemsaidia kuwashawishi.

Illuminée alirudi nyumbani na kitu kilichofanana na matumaini. Kwa mashahidi hakuwa na shida. Alimwita Mukamurenzi, mjane mwenzake wa ng'ambo ya kijito, ambaye wajukuu zake wawili walikunywa maziwa ya Gaju mwaka mzima. Akamwita na mzee Mbonigaba, rafiki wa Ndahiro tangu Masisi, walichunga pamoja wakiwa wadogo, wakavuka mpaka pamoja, wakajenga jirani. Mke wa Mbonigaba alipougua, lita mbili zilikwenda kwake kila asubuhi, bure, miezi saba. Nani angeweza kumshuhudia Gaju kuliko hao?

Alhamisi Mbabazi alifika, viatu vya mjini vimechubuliwa na yale mawe meusi ya volkano. Walikaa barazani. Mukamurenzi amevaa kitenge cha kanisani. Mbonigaba ameshika kofia magotini.

"Mama Mukamurenzi," alianza Mbabazi, kalamu tayari, "ng'ombe huyu alikuwa anatoa maziwa kiasi gani?"

Mukamurenzi alimtazama Illuminée, akamtazama mgeni, akajikunja kwa aibu. "Alikuwa anatusaidia kidogo," alisema. "Kikombe ya watoto."

"Kikombe kimoja?"

"Ata nusu, siku zingine. Tulishukuru tu."

Kalamu iliandika. Nusu kikombe! Wajukuu wawili wenye mashavu yale, wamelelewa kwa nusu kikombe?

"Na wewe, mzee?"

Mbonigaba alijiweka sawa. Ilionekana amejiandaa. Alikuwa amekuja kumtetea rafiki yake, na akamtetea kwa njia pekee aliyoijua, kwa kumwachia rafiki adabu yake mbele ya mgeni.

"Ndahiro hakukuwa mutu wa kujivuna," alisema. "Ng'ombe yake ilikuwa ya kawaida tu. Lita mbili, tatu. Vile alisema yeye mwenyewe, ni vile."

Mungu wangu! Mtu amebeba maziwa ya mgonjwa miezi saba, lita mbili kila siku ya Mungu, na kwa hesabu yake mwenye ng'ombe alibaki na moja! Lakini uso wa mzee ulikuwa umetulia kabisa. Aliona ametenda jambo jema.

Hapo Illuminée alisimama. Hakupanga kusimama.

"Kumi na ine!" alisema, tena kwa sauti ya kusikika kwenye mashamba. "Gaju alikuwa analeta lita kumi na ine! Tisa asubuhi, tano mangaribi! Ndoo ilikuwa inajaa mi namimina, inajaa tena! We Mbonigaba, bibi yako alikunywa maziwa ya nani? Ya hewa? Mukamurenzi, bale batoto balinenepa na nini? Ilikuwa ng'ombe ya ajabu, hakukuwa ingine huku yote, na minasema, andika! Andika kumi na ine!"

Mbonigaba alivaa kofia yake, akainamisha uso, kama mtu aliyemkuta mama wa watu akioga. Mukamurenzi alianza kupangusa machozi, haijulikani ya nini. Illuminée mwenyewe alikaa chini. Miaka arobaini na moja ya ndoa hakuwahi kusema jambo la namna ile, na sasa amelisema, tena kwa kelele. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio.

Mbabazi aliandika. Halafu alisema polepole, "Mama, nimekuamini. Nimekuamini zaidi kwa hawa wawili kuliko kama wangesema ishirini."

Wiki sita zilipita. Mwezi wa tano ulifika mwisho, mvua zikaanza kupungua, na Karekezi akasema ameshaomba gari la rafiki yake kwa Jumapili ya kwanza ya Juni. Illuminée alianza kukunja nguo. Alikunja, akakunjua, akakunja. Siku ya Ijumaa simu ililia: Mbabazi. Kamati imekubali. Laki tisa zote. Aje na shahidi mmoja aliyemfahamu marehemu, kuna karatasi ya kusaini, na hela zitaingia kwenye simu siku hiyohiyo.

Alikwenda mchana uleule na Mbonigaba. Mzee alikuwa hajamzungumzisha vizuri tangu siku ile ya barazani, lakini alipoitwa alikuja, amevaa koti. Walipanda zile ngazi pamoja, wakipumzika kila kona.

Mbabazi hakuwa na uso wa mtu anayetoa habari njema. Aliweka karatasi mezani, akasema sheria ya ofisi inamtaka aisome kwa sauti mbele ya wote. Akasoma:

"Mimi, mjane wa Ndahiro, ninathibitisha kwamba marehemu mume wangu, siku ya kujiunga na bima, alitoa kwa makusudi taarifa isiyo ya kweli kuhusu ng'ombe wake, na ninaomba taarifa hiyo isahihishwe."

"Isiyo ya kweli ni nini?" aliuliza Illuminée, ingawa alikuwa ameelewa.

Mbabazi alishusha karatasi. "Ni kwamba alidanganya, mama. Kwa lugha ya ofisi."

"Bwana yangu hakukuwa mutu wa uongo."

"Najua, mama."

"Basi andika vingine. Andika wakala yenu hakuelewa."

"Wakala aliandika alichoambiwa." Mbabazi alisugua macho. Alionekana naye hakulala vizuri. "Nikuambie ukweli. Nimefungua mafaili ya wafugaji wa milimani kote, mia na zaidi. Wazee wote ni lita mbili, lita tatu. Hakuna hata mmoja aliyetaja kumi. Kampuni ikikubali kwamba wakala hakuelewa, kila mwenye faili atakuja. Kwa hiyo wanataka iwe ni kosa la mteja mmoja. Nimeomba wabadilishe neno, nimeandika mara mbili. Wamekataa."

Waone watu hawa! Hela wanatoa, ila lazima mtu achafuke, na wamechagua aliyekufa.

"Basi andika mimi," alisema Illuminée. "Mimi njo nilikuwa pale. Nilijua ni kumi na ine, nikanyamaza. Andika nilidanganya mimi, aache kuguswa yeye."

"Ukiandika hivyo hulipwi hata franga moja. Wewe ndiye unayepokea. Ukikiri ulijua, bima inakufa." Mbabazi alishusha sauti. "Marehemu peke yake ndiye wasiyeweza kumfanya kitu."

Illuminée aliomba maji. Aliletewa, hakunywa. Alimfikiria Ndahiro, jinsi alivyokuwa akirudisha sokoni chenji iliyozidi, saa nzima kwa miguu, kwa sarafu mbili. Alimfikiria kwenye makaratasi ya kampuni, miaka yote ijayo, jina lake na neno lile pembeni yake. Akafikiria pia Jumapili, gari limesimama nje na injini inanguruma, na kile chumba kizuri. Kama angekuwa na nguvu angeendelea kugombana. Angerudi mara ya tisa, ya kumi, angeandika barua nyingine, angekwenda mpaka kwa wakubwa. Alitafuta nguvu hizo ndani yake na hazikuwepo. Walikuwa wamezimaliza zote, muhuri kwa muhuri.

"Usisaini," alisema Mbonigaba ghafla. "Mi sitaweka kidole kwa ile maneno. Ndahiro hakunidanganya ata siku moja. Ata tukiwa watoto."

Illuminée alimgeukia. Alijibu bila hasira, hasira nayo ilikuwa imekwisha.

"Papa Mbonigaba, mi najua. Lakini Jumapili banakuja kunibeba. Bon, uniambie we. Unataka nibaki jirani yako, ao unataka jina ya Ndahiro ikae safi kwa faili ya hawa batu, na mi niende kukaa Kigali kwa kiti mpaka nife?"

Mzee alitazama dirishani, kwenye mabati ya mji, muda mrefu mpaka Mbabazi akageuka upande mwingine kwa adabu. Halafu akanyoosha mkono juu ya meza, kidole gumba mbele, na kukiacha hapo hewani, akingoja wino.

Illuminée alisaini kwanza. Ndahiro, alisema moyoni, miaka yote ile sikukupinga mbele ya watu. Leo nimekupinga mbele ya watu na kwenye karatasi. Unisamehe, ni mimi niliyebaki hai. Mbonigaba akaweka kidole. Mbabazi alimpa kitambaa cha karatasi ajifute, akawasindikiza mpaka chini kwenye duka la magodoro, akapiga goti kidogo kumuaga mama, kama walivyomfunza kwao Karagwe.

Walikuwa wameketi kwenye ukuta mfupi wa stendi, wakingoja basi la kurudi, simu ilipotetema. Ujumbe. Laki tisa. Illuminée aliusoma mara mbili, akairudisha simu kwenye pochi. Mbonigaba hakuuliza. Dakika tano baadaye simu ililia, na ilikuwa Karekezi, anapiga kutoka kazini, nyuma yake vyuma vinagongana.

"Mama? Vipi? Wamelipa?"

"Imeingia."

"Yote?"

"Yote, mwanangu."

Karekezi alipiga kelele hadi watu waliokuwa jirani stendini wakageuka. "Tumewashinda! Mama, tumewashinda! Wewe ni mwanamke wa chuma! Basi umebaki, hakuna mtu atakayekugusa, Jumapili nakuja tukatafute ng'ombe pamoja! Mama, unasikia? Tumewashinda wale!"

Illuminée alifungua mdomo amjibu. Siku ya mazishi ya Ndahiro alilia kama wanavyolia watu wote, akapangusa uso, akawagawia wageni chakula. Sasa machozi yalikuwa yanamwagika mpaka kwenye kola, mbele ya wapita njia, na mtoto wake anaita mama, mama, uko wapi. Alimpa Mbonigaba simu.

Mzee aliishika kwa mikono miwili, kile kidole bado kina wino. Alingoja mpaka Karekezi akanyamaza.

"Mama yako amechoka, mwana wangu," alisema. "Umupigie kesho."

Akakata.